Maganda ya Ndizi Uani kwa Paskalia

Mimi Mnyamwezi, Paskalia Mluguru, kwa hiyo sisi ni watani, na miaka yote tuliyopakana ua pale Kihonda nilikuwa na ruhusa ya kumsema nitakavyo. Nilimwita bahili. Mwanamke yule hakujua kutupa kitu. Mgomba ukikatwa kwake, jani lilifungia mboga, shina lilikwenda kwa nguruwe, maganda ya ndizi yalikwenda kwenye matuta. Nilimwambia kwamba Waluguru wangekuwa na sufuria ya kutosha, wangepika hata kivuli cha mgomba. Alicheka tu. Alisema kwao, kwenye vishamba vya mteremkoni kule Matombo, udongo usipolishwa unaondoka na mvua, na mtu anayetupa maganda leo kesho atalima mawe.

Aliteremka mjini kumfuata mume aliyepata kazi kiwandani. Mume akafariki, akamwachia nyumba, kisima, na matuta ya mchicha yaliyomsomesha binti yao Rosa. Rosa alipopata kazi Dar es Salaam akamletea mama yake mtoto wa kulea, Furaha, angali ananyonya kidole. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na bibi akilea mjukuu hasaidii mtu, anachukua kilicho chake. Paskalia alimpenda mtoto yule mpaka ikawa kero. Ukienda kuomba chumvi unasimuliwa kwanza neno jipya alilolisema Furaha.

Kisha tukaletewa karakana. Alikuja bwana mmoja asiyesalimia watu, akazungusha uzio wa mabati upande wa juu wa nyumba zetu, akaanza kuyeyusha betri chakavu za magari. Maji yake machafu yalitoka chini ya uzio yakapita nyuma ya nyumba zetu, na yalipotua yaliingia ardhini. Tulikwenda kulalamika, tukaambiwa ana kibali. Niliuliza kama ni kibali cha kutuua, nikaambiwa niwe na adabu. Mwenye nguvu mpishe. Tulimpisha, naye akaongeza tanuri la pili.

Furaha akaanza kulia tumbo. Akawa mzito, anasahau nyimbo alizokuwa akituchosha nazo. Hospitali wakapima damu wakakuta madini ya risasi, yale yanayotoka kwenye betri, wakasema maji ya kisima ndiyo yanayomtia sumu. Lakini bomba la mtaani kwetu hutoa maji likijisikia, na kisima ndicho kilichokuwa karibu. Rosa alikuja macho mekundu, akasema mbele yangu: "Mama, hali isipobadilika namchukua mwanangu." Usiniulize Paskalia alilala vipi siku hizo.

Hapo ndipo alipoingia Eustace, kijana wa chuo, mpole, mwenye shikamoo iliyotoka moyoni. Alikuwa na mradi wa kusafisha maji kwa taka za mimea, na taka aliyoitaka ni maganda ya ndizi mbichi. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Nilimwambia Paskalia, Mungu amekusikia, amekuletea kazi ya kabila lako.

Aliifanya kazi ile kama anasali novena, bila kuruka siku. Maganda aliyafuata kwa mama lishe wa sokoni, akayakatakata, akayaanika juu ya mabati, akayatwanga kinuni, akachekecha. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu hata Jumapili, akienda kupokea komunyo anaona haya. Unga ule ulipangwa kwenye ndoo yenye matundu, juu ya mchanga, na maji ya kisima yakapitishwa humo polepole. Eustace alisema ganda la ndizi linaishika risasi na kuizuia, maji yanapita peke yake. Alipima, akapima tena, na ilikuwa kweli. Damu ya Furaha nayo ilipopimwa, risasi ilikuwa imeshuka. Rosa akakubali mtoto abaki. Siku ile Paskalia alichinja kuku, nami nilikula paja bila kumtania hata kidogo.

Unga uliokwisha kutumika ulitakiwa kutiwa kwenye viroba, na watu wa mradi wangekuja kuvichukua wakavifukie mbali. Walikuja mara ya kwanza. Halafu mradi ukaisha. Eustace akapata kazi kwingine, wakubwa zake wakabaki na picha ya Paskalia ameshika ndoo, na viroba vikabaki ukutani. Kila alipopiga simu aliambiwa litashughulikiwa. Masika yakaingia, viroba vikaanza kulowa na kuoza, na Paskalia akawa hana pa kuviweka.

Sasa, mtu wa milimani ana elimu yake kuhusu sumu. Miaka ya njaa walikula ndiga, kiazi cha porini kinachoua. Unakikatakata, unakiloweka kwenye maji yanayotembea, unakisuuza mpaka uchungu wote umetoka, na unakula unapona. Bibi yake alimlisha ndiga naye akakua. Basi Paskalia alifanya vilevile. Aliuloweka unga ule, akausuuza mara nyingi mpaka maji yakatoka meupe, kisha akaupeleka unakopelekwa kila ganda la ndizi tangu dunia iumbwe. Aliumwaga kwenye matuta.

Mchicha ule ulistawi, na Furaha aliupenda. Alikuwa akimsaidia bibi yake kupandikiza miche, mikono ndani ya udongo hadi viwiko, kisha anatia vidole mdomoni. Aliula mchana, akaula usiku, mpaka tumbo likarudi kumuuma. Damu ikapimwa, ikawa mbaya kuliko ile ya kwanza.

Mimi ndiye niliyemtafuta Eustace. Alikuja, namsifu kwa hilo. Alipima maji ya kwenye ndoo, yakawa safi. Akazunguka ua, akasimama mbele ya ukuta.

"Mama, vile viroba viko wapi?"

"Unga niliumwaga bustanini," Paskalia akasema. "Lakini niliusuuza, mwanangu. Kama ndiga."

Kijana alikaa chini palepale kwenye tope. Akaeleza kwamba risasi si sumu ya kiazi, haiozi wala haitoweki, na maji matupu hayaing'oi kwenye ganda. Ganda linapooza ndipo linaiachilia, udongoni, kwenye majani, kwenye vidole vya mtoto. Paskalia alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo wale wa karakana waliitia kwenye maji," akasema, "mimi nikaitoa kwenye maji nikaitia kwenye sahani."

Hapo nikamgeukia Eustace. Nilimwambia mmemfundisha mama wa watu kukamata mwizi, mkamwachia mwizi ndani ya nyumba yake, mkaondoka. Akasema alikwisha agiza viroba vichukuliwe. Alisema kweli, na nilimchukia zaidi kwa sababu alisema kweli. Kule juu tanuri lilikuwa linawaka, na mwenye karakana hakuna aliyemwita kueleza chochote.

Rosa alipokuja kumchukua Furaha hakumgombeza mama yake. Afadhali angegombeza. Alifunga nguo za mtoto, akasema watakuwa wanapiga simu.

Nyumbani kwa Paskalia mtu haondoki mikono mitupu. Hata msoma mita za umeme alikuwa akitoka na fungu la mboga. Asubuhi ile alikwenda hadi kwenye matuta, akayatazama, akarudi. Akaingia jikoni, akatoka hana kitu. Furaha, aliyelelewa katika desturi hiyo, alikuwa amesimama mlangoni na kikapu chake kidogo, amekifungua kwa mikono miwili anangoja.

"Bibi, mboga zangu?"

Paskalia alipiga magoti. Alikifunga kikapu kile kwa kamba ya mgomba, kikiwa kitupu, akakaza fundo, akamrudishia.