Mnazi Kwenye Kiwanja cha Kuazima

Ngwali wa Shumba alikuwa na kazi, na kwa zama zile hilo lilikuwa jambo la kumshukuru Mungu. Alivunja mawe ya barabara ya Chake Chake, akilipwa kila mwisho wa mwezi, taslimu, mkononi. Tabu ni kwamba pesa zenyewe zilikuwa na mwenyewe kabla hazijamfikia. Nusu nzima ilikwenda kwa Bwana Ahmada wa Tibirinzi, aliyewapangisha chumba yeye na mkewe Mize. Haba na haba hujaza kibaba, wamesema wahenga, ila kibaba cha Ngwali kilikuwa na tundu, na tundu lenyewe ndiyo kodi.

Bwana Ahmada hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Alikuwa mwenye nyumba tu. Ulipowadia msimu wa karafuu mji ulijaa wachumaji kutoka Unguja na pwani ya Mrima, kila mwenye chumba akapandisha kodi, naye akapandisha. Mshahara wa barabarani haukuwa na habari na karafuu, ukabaki pale pale. Mize ana mimba ya kwanza, paa linavuja, na Bwana Ahmada anapiga hodi kwa adabu zote, anaulizia afya ya mama kabla ya kuulizia pesa.

Basi Ngwali akapiga moyo konde, akenda Wawi kwa Bi Fakhriya, mjane wa Kimanga, wa Waarabu wa Oman, aliyekuwa na shamba la mikarafuu. Alikuwa amemchumia misimu miwili, wanajuana. Akaomba kiwanja cha kuweka kibanda.

"Kajenge kule ukingoni, penye mihogo," Bi Fakhriya alimwambia. "Kodi sitaki. Panda mihogo, panda ndizi, panda viazi. Mti wa kudumu usipande."

Ngwali hakuhitaji kufafanuliwa. Pemba nzima inajua kuwa mwenye mti ndiye mwenye mahali. Aliyeazimwa kiwanja akapanda mnazi, huyo keshaanza kudai ardhi ya mtu.

Watu wa Wawi wakaja kumkandikia. Wanawake walichota maji, wanaume wakakanyaga udongo na kuutupia ukutani, na Mize akawapikia mihogo kwa papa mpaka wengine wakaanza kukandika polepole ili wakute sufuria ya pili. Mwisho wa mwezi ule mshahara ulifika nyumbani mzima. Ngwali aliuweka juu ya mkeka akautazama kama anayetazama mgeni asijue amkaribishe wapi. Mize akacheka hadi akashika mbavu, kisha akalia kidogo, maana ilikuwa mara yao ya kwanza kula samaki bila kufikiria hodi ya mwenye nyumba.

Mtoto akazaliwa, wa kike, wakamwita Mwanakhamis. Kitovu kilipokatika, Ngwali alifanya alivyofanyiwa yeye na baba yake: alichimba shimo kando ya ukuta, akakizika kitovu, na juu yake akapanda mche wa mnazi, bismillahi, akautia maji. Kwao Shumba kila mtu ana mnazi wake wa kitovu, na hupandwa kiamboni, kwa wenyewe, hakuna wa kuuliza. Mkono wake uliijua kazi. Mahali alipo, kwa furaha aliyokuwa nayo, hakupakumbuka hata chembe.

Aliyekumbuka ni jirani yake Mzee Khatib, alipokuja kumtazama mtoto. Alisimama mbele ya ule mche akajishika kichwa.

"Yakhe Ngwali, umefanya nini? Bibi wa watu kakupa pa kukaa bure, wewe unampandia mnazi? Ahsante ya punda hiyo."

Ngwali akaona amekwama. Kuung'oa hawezi, ni kitovu cha mwanawe. Kuuacha ni kumdhulumu aliyemsitiri, na akifukuzwa atarudi wapi kama si Tibirinzi, kwenye kodi ile, na mtoto juu?

"Mnazi haufichiki," Mize alimwambia. "Kila mwaka utazidi urefu. Nenda kamwambie mwenyewe, asije akaambiwa na watu."

Akenda, akasema yote, macho chini. Bi Fakhriya aliinuka. Alichukua mkongojo wake akatoka, na Ngwali akamfuata njia nzima huku moyoni ameshaanza kufunga mizigo.

Bibi yule alimtaka mtoto kwanza. Akampakata, akamsomea dua, akamrudisha kwa mamaye. Ndipo alipokwenda kwenye mche, ambapo Mzee Khatib naye alikuwa amekuja kutazama.

"Mti uno wa nani?"

"Wako, Bibi," Ngwali alijibu upesi.

"Wa mtoto," Mize akasema kutoka mlangoni.

Ngwali alitamani ardhi ipasuke. Bi Fakhriya alimtazama Mize, akautazama mche, akautazama na ukuta.

"Umeupanda pabaya," akamwambia Ngwali. "Ukishazaa, nazi zitakuja kwenye paa lenu. Mtalala vipi humu ndani?" Akajikongoja hadi penye uwazi, akakita mkongojo. "Usogeze hapa. Uutoe na udongo wake, usikiache kitovu."

Ngwali alikwenda kuchukua jembe. Njiani ndipo alipoanza kuelewa. Mnazi hauzai leo wala kesho. Kabla ya nazi ya kwanza kuanguka, Mwanakhamis atakuwa msichana wa kuchota maji. Na hakuna anayelionea huruma paa la mtu anayetaka kumfukuza.

"Khatib, wewe shahidi," Bi Fakhriya akasema. "Mnazi ni wa mtoto, na mwenye mnazi hatolewi penye mnazi wake."

"Nimesikia, Bibi," Mzee Khatib akajibu, naye sasa anatazama pembeni.

Ngwali akasogea penye mche. Alipiga magoti akaanza kuchimba, kwa upana, mbali na mizizi, na machozi yakimdondokea kwenye udongo.

"Mungu akulipe, Bibi," alisema mwishowe.

"Chimba," Bi Fakhriya akamwambia. "Mche usichomwe na jua."