Kurusha Ndege kwa Makubadhi

Habari hii sipendi kuisimulia, maana kila nikiisimulia hasira hunipanda upya, lakini kwa kuwa pale mtaani kwetu Kuze, Mji wa Kale, imeshatiwa chumvi hadi yasemekana niliitua ndege baharini, afadhali muisikie kwangu mwenyewe.

Siku ile mbingu zilikuwa safi. Njia ya kutua ilikuwa kavu, injini haikuwa na kasoro, na upepo wa kusi ulivuma kutoka ubavu wa kushoto kwa kiasi ambacho rubani yeyote aliyefunzwa vyema huumudu kwa miguu yake miwili. Nasema miguu kwa makusudi: ndege ndogo ikishagusa ardhi haiongozwi kwa mikono kama gari (wengi hawalijui hili, na hawaoni haya kunifundisha), bali kwa pedali mbili zilizo chini, ya kulia na ya kushoto.

Tulikuwa tunarudi nyumbani kutoka Lamu, mimi na ami yangu Athmani, mdogo wa marehemu baba. Alasiri hiyo dada yangu Rukia alikuwa anaozwa msikitini Mji wa Kale, na kwa kuwa baba hayupo, walii wake ni mimi, kaka yake wa pekee. Rukia aliniomba jambo moja tu, nimuoze mimi mwenyewe, asiozwe na mtu wa kando.

Kabla ya kuondoka nilikuwa nimeshavaa kanzu, nikaanza kufunga viatu vyangu vya kurushia, vya kamba na soli nyembamba. Ami akavitazama kama aliyeona panya jikoni.

"Salimu! Utamuoza dadako na viatu vya mpira? Watu wa Kuze watucheke?"

"Nitabadilisha tukifika, Ami."

"Wapi, chooni? Shekhe na jamaa wakungoje wewe ufungue kamba? Vaa makubadhi, mwanangu, tukishuka tushike ndia."

Nikavaa. Mimi, niliyefunzwa kwamba ndani ya ndege neno la mwisho ni la rubani, nikavaa.

Tulitua vizuri, hata Ami akasema "Mashaallah," na neno halijamtoka kinywani upepo ukaanza kuivuta pua ya ndege kushoto, nikakanyaga pedali ya kulia, soli ile pana ya kubadhi ikateleza ikajipachika chini ya pedali, nikivuta haitoki, nikisukuma haiendi, pindo la kanzu nalo limeniviringa kifundoni, na ndege (ambayo sasa haikuwa na haja ya ushauri wangu) ikaiacha lami ikaingia nyasini kwa mwendo wake.

"Salimu, ndia iko kule! Mbona waenda huku?"

"Naona, Ami!"

"Basi rudi!"

Tulisimama pua ikiwa imejichimbia udongoni na panga boi la puani limepinda. Hatukuumia, alhamdulillahi. Wazima moto walipofika, mmoja alinitazama nikishuka na kubadhi moja, mguu wa pili mtupu, akauliza, "Bwana harusi, huo ndio msikiti?"

"Mimi si bwana harusi. Mimi ni walii!"

Wakaangua kicheko. Kisha mkaguzi wa uwanja wa ndege akatuamuru tusiondoke mpaka tuhojiwe, nikamsihi, nikamweleza kuwa watu wameshakaa msikitini, akanijibu kwa upole (upole wenyewe uliniudhi) kwamba ndege haiwezi kuachwa nyasini kama baiskeli.

Simu ikalia. Shekhe. Bwana harusi amefika, jamaa wamejaa, walii yuko wapi? Sikuwa na hila. Nikiwa nimeketi majanini, kanzu imechafuka udongo hadi magotini, nikatamka: "Shekhe, nimekuwakilisha umuoze dada yangu Rukia kwa niaba yangu." Na wakati huohuo Ami yangu, kwa sauti ya kumfikia hata shekhe, alikuwa akiwaeleza wazima moto: "Mimi nilimwambia mapema, vaa viatu vyako. Vijana wa leo hawasikii."

Wallahi, nilikata simu ili nisitamke lisilotamkika.

Tangu hapo abiria wangu hana kauli juu ya miguu yangu, awe ami, awe babu. Anayeona haya kuonekana na mimi na apande basi.

Rukia aliozwa na shekhe alasiri ileile. Sisi tulipoachiliwa, foleni ya magari ya Kibarani, njia ya kuingilia mjini, ilitukalisha hadi magharibi, na tulipofika Mji wa Kale majamvi yalikuwa yameshakunjwa na mumewe ameshamchukua.