Mkwaruzo wa Uzi Mnene

Kwenye kwaya yetu wimbo unaanza na gitaa la besi peke yake. Napiga uzi mnene bila kuubana popote, nauacha ulie mpaka wamama wa mstari wa mbele waipate sauti yao humo ndani, ndipo wanaingia. Desturi hiyo niliikuta. Nadhani wanapenda kuanzia chini, kama mtu anayeingia ziwani akitanguliza miguu. Na kwa sababu asubuhi sauti zao hazipandi, nyuzi tunazilegeza kidogo, halafu tunazikaza tena zikija nyimbo za vijana.

Mimi siimbi. Hata darasani nikiitwa kusoma, sauti inabaki kooni. Besi ndiyo njia yangu pekee ya kukaa katikati ya watu wanaoimba bila mtu kuniangalia. Kwa hiyo uzi mnene ulipoanza kukwaruza, zzz, kama kifuniko kwenye sufuria inayochemka, niliogopa kuliko inavyostahili.

Kiongozi wa kwaya, mzee mmoja aliyekulia Goma ambaye wote tunamwita papa, alivumilia mazoezi kadhaa. Jumatano akaniita pembeni. Aliongea kwa upole, na huo upole ndio ulioniuma.

“Bon, mwana. Kama siku ya posho iko inalia bado vile, klavie itapiga besi na mukono ya kushoto. We utaimba na wenzako.”

Siku ya posho ndiyo Jumamosi, na klavie ni kinanda. Nikasema ndiyo, papa. Nikabeba gitaa mgongoni nikapita njia ya kando ya ziwa, na yale maneno, utaimba na wenzako, yakawa yanatembea na mimi.

Gitaa la besi bila umeme linanong'ona tu. Lakini ukiegemeza taya kwenye mbao yake, sauti inakuingia kwenye meno, inashuka kifuani, hujui tena ni uzi unaotetemeka au ni wewe. Alhamisi baada ya shule nilikaa hivyo mlangoni kwetu. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji, ng'ambo haionekani, harufu ya makaa inatoka kwa jirani. Nikapiga, nikasikiliza. Nikaona kama ziwa lote ni ngozi ya ngoma iliyowambwa, na mimi nimeigusa pembeni kwa kidole.

Halafu zzz, nikaamka.

Nikibana uzi popote, mkwaruzo unaisha. Nikiuachia, unarudi. Basi ubaya ulikuwa juu kabisa, kwenye siye, kile kipande cheupe chenye mifereji ambamo nyuzi zinapita kwenda kwenye funguo za kuzikazia. Nikaingiza kucha. Kwa kulegezwa na kukazwa kila ibada, mfereji wa uzi mnene ulikuwa umepanuka, uzi unacheza humo kama mguu kwenye kiatu cha mtu mwingine. Nilijaribu kuweka kikaratasi chini yake. Mkwaruzo ukaisha, na sauti nayo ikafa, ikawa kama kupiga godoro.

Nikaenda jikoni kumwomba mama bikaboneti, ile anayotia kwenye maharage yaive upesi. Akauliza napika nini. Nikasema gitaa. Alinitazama kidogo, akanipa kijiko, akaniambia nisimwage.

Nilitoa uzi, nikajaza unga ule kwenye mfereji, nikadondoshea gundi kali. Ikashika palepale, ngumu kama jino. Kisha nikachukua uzi wa zamani, ule uliozungushiwa waya, nikautumia kama tupa: mbele, nyuma, taratibu, mpaka mfereji mpya ukatosha. Nikarudisha uzi, nikapiga. Ukalia vibaya zaidi, kwa pua. Karibu nilie. Nilipoinamisha macho sawa na siye ndipo nikaona: mfereji niliuchonga ukiinamia upande wa vidole, uzi umelala kwa nyuma, huku mbele unaelea. Nikauchonga tena uinamie upande wa funguo, uzi ukapata ukingo wa kuondokea. Nikaweka taya. Sauti ilikuja nzima, ndefu, ikaisha polepole mpaka sikujua imeishia wapi.

Jumamosi, kwenye mazoezi kabla ya ibada, nililegeza nyuzi kama kawaida. Kiongozi akanipa ishara. Nikapiga uzi mnene. Ulitoka safi, ukajaza ukumbi. Nikangoja wamama waingie.

Hakuna aliyeingia. Sauti ikaisha yenyewe, na kiongozi akageuka kuwaangalia. Mama mmoja mzee wa mstari wa mbele akasema:

“Mi nilikuwa nangojea ile nzi ya kwenye uzi. Nzi ikilia, naingia. Sasa nitaingilia wapi?”

Wenzake wakacheka, wakakubali kwamba na wao pia. Kijana wa klavie alikuwa ameshaweka mkono wa kushoto tayari. Kiongozi akaniuliza kama nzi inaweza kurudi. Hakuwa anatania, na kusema kweli ningeweza kuirudisha, kwa kusugua mfereji kidogo tu.

“Hapana, papa,” nikasema, na wote wakanisikia. “Muniangalie mimi. Nikiinamisha kichwa, muingie.”

Wakaniangalia, wote, mstari wa mbele na wa nyuma. Masikio yaliwaka moto. Nikapiga, nikauacha uzi ulie, nikainua uso, nikavuta pumzi, nikainamisha kichwa.