Koleo na Fundi Saa

Redioni walimwita Koleo, kwa jinsi alivyoyachomoa maneno midomoni mwa watu kama misumari ukutani. Wakubwa, wakisikia ni zamu yake ya kuhoji, ghafla mafua yanawabana.

Wala hakuwa na ukali wa sauti. Akishauliza alinyamaza tu, anakutazama, taa nyekundu inawaka na kuta za sponji zinakunywa hata pumzi yako. Kimya kile kilikuwa kama maji yanayopanda taratibu. Yakikufika kidevuni, unasema. Kisha anakutupia kiswali kidogo cha mtego, aone kama ni kweli.

Miaka yote hiyo, mtu mmoja hakuwahi kumhoji: baba yake, fundi saa, aliyeondoka nyumbani yeye akiwa mdogo, akarudi mjini uzeeni macho yakiwa yamefifia. Mchana mmoja wa mvua, studio ikiwa tupu, akamkalisha kwenye kiti cha wageni.

"Mbona hukurudi, baba?"

Mzee akatabasamu, kimya. Koleo naye kimya. Maji yakapanda. Lakini huyu alikuwa mtu wa kushinda na saa zilizokufa, akisubiri zianze kupumua. Kimya hakikumtisha hata chembe. Basi yakamfika kidevuni Koleo mwenyewe.

"Nilikuwa nakusubiri dirishani," likamtoka. "Mama ananiita nikale, mimi nasema bado, baba yuko njiani."

"Najua. Nilikuwa nakuona."

"Unanionaje na wewe hukuwepo?"

"Nilikuwepo, ng'ambo ya barabara, kwa fundi viatu. Nafika pale, miguu inagoma. Niliondoka kwa maneno mabaya, mwanangu. Niliona haya kuvuka."

Koleo akayapima maneno yale. Ni kweli, au mzee anampaka mafuta tu? Mazoea yakamzidi nguvu.

"Pazia la dirisha lile lilikuwa rangi gani?"

Mzee akaangua kicheko. "Acha ujanja wako, nakusikiliza redioni kila siku! Pazia la wapi? Mama yako alitundika shuka la bluu. Nawe ukalitoboa kwa kidole, jioni nikawa naona jicho moja tu, linachungulia."

Kile kitundu hata mama yake hakukijua.

Koleo akafumbua mdomo aulize tena, swali halikuja. Akanyoosha kidole juu ya meza, polepole, kama zamani kwenye lile shuka. Mzee akapapasa, akapapasa, akakishika.