Siku Niliyoisoma Karatasi ya Sajini Mpaka Mwisho

Mpaka leo nikipita Chonyonyo wapo watu wazima kabisa, wenye wajukuu, ambao wakiniona hupiga saluti kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili hushika kiuno kama mtu anayezuia nguo isidondoke, kisha wanacheka mpaka wanakaa chini. Siwalaumu. Ningekuwa mimi ni wao ningecheka zaidi. Jambo hili nimewaficha watu wengi ninaokutana nao njiani, lakini ninyi mmenipa ndizi na maharage na mmeuliza kwa upole, basi nitawaambia, maana aibu ikishazeeka meno yake hulegea.

Kwanza mjue ugonjwa wangu. Nilizaliwa Kibingo, nikasoma shule ya misheni miaka mitatu, nikaacha, si kwa kufukuzwa, bali siku moja walipita wachungaji na ng'ombe wao wakielekea mtoni nikataka kujua ng'ombe wanavukaje maji, nikawafuata (wanaogelea, kama mnataka kujua, na mchungaji hushika mkia), na tangu siku hiyo sijakaa mahali pamoja zaidi ya msimu. Miaka ile mitatu ilinipa kusoma, tena kusoma kwa sauti tu, kwa sababu mwalimu wetu alikuwa mzito wa masikio na mtoto aliyesoma kimya alimhesabu kuwa amelala, akamchapa. Basi macho yangu yakikutana na herufi, mdomo hufunguka wenyewe. Hilo mlikumbuke, ndilo lililoniua.

Ilikuwa miaka ile baada ya vita kubwa. Fukusi walikuwa wameingia kwenye migomba, na serikali ikatoa amri kwamba kila shina lenye fukusi ling'olewe, sawa, lakini bwana shamba wa kwetu alikuwa akilijua shina lenye fukusi kwa kusimama njiani na kunyoosha fimbo. Alinyoosha fimbo Chonyonyo kwenye shamba la mjane mmoja aitwaye Ma Koku, akasema Jumatatu ya mwisho wa mwezi linang'olewa lote, juu hadi chini. Mwanamke yule hakuwa na ng'ombe wala mwana wa kiume. Chakula chake, rubisi yake ya kuuza, yaani pombe ya ndizi, hata majani makavu ya kutandika chini ya godoro, vyote vilitoka kwenye migomba ile.

Watu wakataka kukutana waandike barua kwa Bwana Shauri, yaani mzungu wa wilaya. Kukutana kulitaka kibali. Wakaenda kuomba kibali, wakaambiwa waje wiki ijayo, wakaenda wiki ijayo, wakaambiwa vilevile. Lakini kukanyaga ndizi za rubisi hakukutaka kibali cha mtu. Kwa hiyo Jumamosi ya kabla ya Jumatatu hiyo kijiji kizima kikaja kwa Ma Koku kumsaidia kukanyaga ndizi za mtumbwi mmoja, lile gogo lililochongwa la kukamulia! Watu wamejaa mpaka njiani, kwa mtumbwi ambao miguu minne inautosha.

Mimi nilikuwa na siku mbili tu pale. Nilikuwa mpita njia niliyeomba chakula, na kwa kuwa nina miguu mirefu nikaambiwa niingie mtumbwini. Kaptura yangu ilikuwa moja, Ma Koku hakutaka niichafue, akanipa kanga yake nijifunge, nami nikaifunga fundo la haraka haraka kwa sababu nilitaka kuwahi kuona yanayoendelea. Nikakanyaga ndizi na nyasi mpaka mramba, yaani maji ya ndizi, ukanifika magotini, mtamu, unanata, na nyuki wa kata nzima wakapata habari.

Na kulikuwa na mengi ya kuona! Ndani ya kibanda cha jikoni alikaa Mzee Byabato, aliyewahi kuwa mpishi wa Bwana Shauri na kujifunza sheria kwa kupitisha supu mezani polepole. Barua ilikuwa mbele yake, tayari, na watu walikuwa wakiingia mmoja mmoja kutia dole gumba. Wino wao ulikuwa masizi ya chungu yaliyokorogwa na mramba. Nikamuuliza Ma Koku kama yeye ameshatia dole, maana shamba ni lake.

"Wewe kwenu mnakula kabla ya wageni?" akaniuliza. "Mwenye nyumba ni wa mwisho."

Hapo ndipo alipotokea Sajini na askari wawili, wanasukuma baiskeli. Sajini alikuwa mtu wa mbali, hakujua neno la Kinyambo chetu, mnene kidogo, jasho linamtiririka. Ma Koku hakutetereka. Alimletea kiti na kipande cha jani la mgomba chenye kahawa za kutafuna, kama anavyopewa mgeni yeyote, na Sajini akazitafuna, naye mtu akitafuna kahawa kwako ni vigumu kukufokea.

"Shikamoo Sajini," watu wakasema kwa pamoja, kwa utulivu wa kutisha.

"Marahaba. Huu ni mkutano?"

"Ni rubisi, waitu," akajibu Ma Koku, kwa neno letu la heshima. "Huoni mtumbwi?"

Sajini akautazama mtumbwi, akawatazama watu, akahema. Akatoa karatasi mfukoni, karatasi nene iliyokunjwa, ina muhuri mwekundu. Akaigeuza huku, akaigeuza kule. Akawatazama askari wake, nao wakatazama nyuki.

"Karani wa kuisoma tumemwacha njiani, tumbo limemshika," akasema, kama mtu anayeongea na nafsi yake. "Na bila kusomwa..."

Akajipangusa jasho. Jamani, mtu mwingine angemwacha na jasho lake. Lakini mimi nilikuwa nimesimama mtumbwini hatua tatu tu kutoka kwenye ile karatasi, na sijapata kuona muhuri mwekundu wa namna ile maishani, na nilitaka sana, sana kujua ndani yake mna nini.

"Lete, Sajini," nikasema. "Mimi najua kusoma."

Nikatoka mtumbwini na kanga yangu na miguu yangu ya asali, nikashika karatasi kwa vidole viwili nisiichafue, nikaanza kwa sauti ileile ya kumsomea mwalimu kiziwi: kwa jina la Mfalme, watu wote waliokusanyika mahali hapa wanaamriwa na kuagizwa! Sauti ikapanda mlima ikarudi. Nilijisikia mtu mkubwa. Nikawatazama watu nikitarajia waone nilivyo msomi, nikaona nyuso kama za watu wanaomtazama mbuzi akila mahindi ya mbegu.

Ma Koku akasema kwa Kinyambo, akitabasamu ili Sajini adhani ananisifu: "Mwana wa Kibingo, karatasi hiyo ikiisha, na shamba langu limeisha."

Na Mzee Byabato kutoka jikoni, kwa Kinyambo vilevile, akawa kama anaimba: "Kukaa hapa si kosa mpaka isomwe yote. Ikishasomwa yote, tutakaokutwa hapa tunafungwa, na barua inachukuliwa. Yule mgeni hajui kusoma, ila mwisho wa karatasi anaujua akiusikia, hapo hupiga saluti. Vidole bado vingi. Ulianza wewe, basi usimalize!"

Mramba ukanigandia miguuni. Kumbe mpango wao wote ulikuwa umesimama juu ya tumbo la karani, na mimi nimekuja kuwa karani!

Basi nikaanza kazi ya kutokumaliza. Nikarudia mwanzo, nikamwambia Sajini kwamba wazee wa nyuma hawakusikia. Nikatafsiri kwa Kinyambo, mstari mmoja nikiufanya mistari sita. Nilipokwama, wazee walinisaidia.

"Karani," akauliza mmoja kwa Kiswahili safi, "kutawanyika, ni wote kwa pamoja au mmoja mmoja?"

"Na mtu mwenye mguu mbovu kama mimi, Mfalme anampa muda gani?" akauliza mwingine.

"Na mbuzi wangu yumo humu. Naye ametajwa?"

"Soma, bwana!" Sajini akafoka, lakini kahawa ilikuwa bado shavuni na sauti haikutoka vizuri.

Watu wakawa wanaingia jikoni na kutoka, kila anayetoka ana dole jeusi amelificha ngumini. Nyuki nao walikuwa wamefika. Walitambaa miguuni kwangu mpaka magotini, nami siwezi kupiga teke kwa sababu ya fundo la kanga, siwezi kujikuna kwa sababu ya karatasi. Mmoja alinidunga nikiwa kwenye neno "Mfalme," nikalitamka kwa uchungu mkubwa, askari mmoja akadhani nalia kwa mapenzi ya Mfalme akanipongeza kwa kutikisa kichwa.

Mwishowe nikamwona mtu wa mwisho akiingia jikoni, fundi mmoja wa kusuka vikapu. Baada yake ni Ma Koku peke yake. Alikuwa ameanza kutembea kuelekea mlangoni, polepole, akijipangusa mkono, zimebaki kama hatua kumi.

Na mimi, badala ya kurudi mwanzo mara ya nane, nikaona kitu. Ukingo wa chini wa karatasi ulikuwa umekunjwa kwa ndani. Chini ya mkunjo kulikuwa na mstari ambao sijauona. Nikajiuliza: ni nini kile? Ni miaka ya kifungo? Ni jina la mtu? Nilijua kwamba ndio mwisho wenyewe, nilikuwa nimeambiwa, nina akili zangu. Lakini nilisema, nitautazama tu, kwa macho, mdomo nitaufunga, Mungu ni shahidi wangu. Nikaufunua kwa kidole gumba.

"MUNGU AMLINDE MFALME!"

Sauti ilikuwa yangu. Niliisikia ikitoka kama vile mtu mwingine amesimama nyuma yangu.

Sajini akatema kahawa, akaruka wima, akapiga saluti, askari wake wakapiga saluti, baiskeli ikaanguka, na mimi, kwa kuchanganyikiwa, ili nisionekane mkaidi, nikapiga saluti pia. Ile kanga ilikuwa ikinisubiri tu. Ikashuka mpaka chini, ikajilaza juu ya nyuki, na mimi nikabaki nimesimama wima mbele ya serikali na kijiji, na shati lisilofika kiunoni, nikimheshimu Mfalme.

Halafu bibi mmoja akasema, "Waitu, na hiyo nayo ni amri?" na kicheko kilichotoka pale sijapata kukisikia tena. Sajini mwenyewe alicheka mpaka akashika mgomba. Kicheko hicho kiliwaokoa, maana wakati askari wanajifuta machozi Mzee Byabato alipita nyuma ya nyumba na barua kifuani, na watu wakatawanyika kwa adabu, mmoja mmoja, wenye miguu mibovu wakitangulia.

Ila Ma Koku alibaki amesimama mlangoni pa jiko lake, dole gumba safi kama la mtoto mchanga.

"Na wewe mama, tawanyika," Sajini akamwambia.

"Nitawanyike niende wapi? Hapa ni kwangu."

Barua ilifika kwa Bwana Shauri, akaihesabu vidole, akauliza: mwenye shamba mwenyewe mbona hayumo? Wakatumwa warudi kulichukua dole lake. Barua ya pili ilifika siku ya Alhamisi, na bwana shamba alikuwa amekwisha kuja Jumatatu. Alipoletewa amri ya kusimama, migomba yote ya upande wa juu ilikuwa imelala chini. Ya upande wa chini ilipona.

Msimu ule sikuondoka. Nilichimba mashimo upande wa juu na kupanda machipukizi, moja moja, Ma Koku akiwa amekaa kwenye kile kiti cha Sajini akinielekeza, na kila nilipouliza kitu (na nilikuwa na maswali, kwa nini shimo liwe la duara, kwa nini chipukizi lielekee huku) alinijibu, "Chimba kwanza." Nilikaa mpaka mkungu wa kwanza ulipokatwa. Alinipa chane moja na kanga ileile, akasema ninaihitaji zaidi yake.

Udadisi haujaniacha, na sitawadanganya kwamba umeniacha. Lakini niliapa siku ile na nimeshika kiapo: karatasi ya mtu yeyote nikiombwa kuisoma, kwanza namuuliza nani anataka iishe. Na mkinipa ya kwenu sasa hivi, mtaniona nafunika mstari wa mwisho kwa kiganja, na mkono wa pili nashika kiuno.