Miguu Ipumzike, Ngozi Isisahau Joto

Asubuhi bado changa, lakini ndani ya ukumbi wa pasi kila mtu ameshalowa. Mvuke unatoka chini ya mtambo wa kunyooshea mashuka, unapanda hadi kwenye mabati, kisha unarudi matone matone na kuwadondokea watu visogoni.

Mwanamke mmoja mrefu, kitambaa cheupe kichwani na taulo dogo shingoni, anashika ncha mbili za shuka lenye unyevu, mwenzake anashika mbili nyingine, wanalilisha kwenye rola. Shuka linaingia limekunjamana kama uso wa mtu aliyekatiziwa usingizi. Linatoka upande wa pili limenyooka, lina joto la kumchoma asiyezoea.

Yeye amezoea. Na wiki hii anapigania jambo hilo hilo: asije akaacha kuzoea.

"Wewe bado uko hapa?" Msimamizi wa zamu amesimama mlangoni, shati limeshaanza kumgandia kifuani. "Si nilikwambia uhamie chumba cha kukunjia? Kule kuna kiyoyozi, kuna na kiti. Nimekupa wiki nzima upumzike, na watu wanaililia nafasi hiyo."

"Nashukuru sana, bosi. Mpe anayeililia."

"Lakini una mashindano Jumapili!"

"Ndiyo maana nipo hapa."

Msimamizi anatikisa kichwa, anaondoka akijipepea kwa daftari la zamu. Wanawake wa ukumbini wanacheka chini kwa chini, kwa kuwa kucheka waziwazi mbele ya bosi ni kujitafutia kapu zito.

Kazini na mtaani anajulikana kama Mama Mapacha, kwa sababu ya mabinti zake wawili walio sekondari. Ana miaka arobaini na mitatu, na kumi na sita kati ya hiyo ameimaliza katika dobi hii kubwa inayofua mashuka ya hoteli na hospitali. Ukimuuliza kuhusu mshahara, hakutajii kiasi. Anasema, "Huwa unafika mwisho wa mwezi umeshika ukuta."

Jumapili hii anashiriki triathloni. Ni mashindano ya michezo mitatu inayofuatana: mtu anaogelea ziwani kilomita moja na nusu, anatoka majini akichuruzika na kurukia baiskeli kwa kilomita arobaini, halafu anaitupa baiskeli na kukimbia kilomita kumi. Hayo yote ni bila kupumzika. Waandaaji, sijui kwa huruma gani, huyafanya katika mwezi wenye joto kuliko yote, na zamu ya kukimbia huangukia mchana wakati lami imeshaanza kulainika.

Mwaka jana Mama Mapacha alishiriki na hakumaliza.

"Lango la kumalizia nilikuwa nimeshaliona kwa macho yangu," anasimulia. "Nikasikia wanatangaza aliyemaliza mbele yangu. Halafu nikaona lami inanijia usoni. Nikajiuliza, hii barabara inakwenda wapi?"

Alibebwa kwa machela, mkono mmoja ukining'inia. Mtu akapiga picha, na kabla mgonjwa hajafumbua macho vizuri picha ilikuwa imeshazunguka simu za mtaa mzima. Akapewa jina jipya: Machela. Mpaka leo vijana wa kibanda cha kunyolea nywele humtania akipita. "Machela! Leo unatembea mwenyewe?"

Naye huwajibu bila kupunguza mwendo, "Nipisheni, gari la wagonjwa halina breki!"

Picha yenyewe hakuikimbia. Aliwaomba mabinti zake waipeleke studio ikachapishwe, akaibandika ukutani kando ya kioo. "Kila nikichana nywele tunaangaliana," anasema. "Mimi na yule mwanamke tuna mazungumzo yetu."

Wengi walishangaa. Mtu anayeshinda kwenye mvuke miaka yote hiyo aangushwe na jua? Aliyeshangaa zaidi ni yeye mwenyewe, mpaka muuguzi wa mashindano alipoketi kando ya kitanda na kumuuliza, taratibu, mwezi uliotangulia alikuwa akifanya kazi wapi.

Jibu likatoka lenyewe. Mtambo wa pasi ulikuwa umeharibika, naye akahamishiwa chumba cha kukunjia, chini ya kiyoyozi. Alifurahi huko, hata mashavu yakajaa.

"Nilidhani joto ni kama kuendesha baiskeli, ukishajua umejua," anasema. "Yule muuguzi akaniambia hapana, mwili huzoea joto na pia husahau. Siku chache tu kwenye ubaridi, umeanza kusahau. Kumbe mwili ni kama mgeni aliyeshiba, hakumbuki jiko lilikuwa upande gani."

Ndiyo sababu ofa ya msimamizi, iliyotoka kwa moyo mweupe kabisa, kwake ni mtego.

Wiki hii ya mwisho ina kanuni zake. Kocha wake ni shemeji yake, mdogo wa mumewe, fundi baiskeli aliyewahi kushindana enzi za ujana wake. Miezi yote iliyopita amemkimbiza bila huruma. Sasa amegeuka, anamkataza hata kupanda ngazi bila sababu.

"Zege limeshamwagwa," anamwambia kila wakikutana. "Ukilikanyaga leo utaacha nyayo tu. Liache likauke."

Anaruhusiwa kuogelea kidogo, kukimbia kidogo, basi. Na kwa kuwa anamfahamu mke wa kaka yake, shemeji aliichukua baiskeli mapema akaifungia karakanani kwake. Mama Mapacha akamfuata.

"Shemeji, nipe baiskeli yangu nizunguke mara moja tu."

"Baiskeli ipi? Mimi hapa nina za wateja."

"Ile nyekundu naiona!"

"Ile yenyewe ni mgonjwa wa kutoruhusiwa kutembelewa. Rudi nyumbani ukalale."

Kulala ndiko kugumu. Mtu aliyezoea kuamka kabla ya majogoo, ukimwambia alale mchana unamwonea. "Miguu inanipigia kelele kama watoto waliofungiwa ndani," anasema akijikanda mapaja. "Mara goti linauma, mara kisigino. Shemeji ananiambia ni uongo wa miguu, haina la kufanya ndiyo inatunga maneno."

Nyumbani kuna mtihani mwingine. Mama mkwe wake anaishi nao, mwanamke mwenye macho makali na ulimi usiokosa cha kusema. Alipomkuta mkwewe kajilaza saa nane mchana, alisimama mlangoni na sufuria mkononi.

"Mwanangu, unaumwa?"

"Siumwi, mama. Napumzika."

"Unapumzika nini, jua lote hili? Mumeo yuko safarini na lori mwezi wa tatu huu. Usije ukanipa hesabu ya kunichanganya!"

"Mama, jamani! Ni mazoezi."

"Mazoezi ya kulala?" Bibi alicheka mpaka akaweka sufuria chini. "Basi mwanangu wa kwanza alikuwa bingwa wa dunia, na mimi sikujua."

Jirani naye akapenyeza lake dirishani, kwamba Machela ameshakata tamaa, si mnaona hakimbii tena? Mama Mapacha alisikia. Aligeukia ukuta, akavuta shuka. Kwa mtu wa tabia yake, anasema, kulala huku unasemwa kunahitaji nguvu kuliko kupanda mlima kwa baiskeli.

Kisha ikaja Alhamisi.

Makapu ya hospitali yaliingia mazito kuliko kawaida, na msimamizi alikuwa amepita mara mbili kumwangalia kwa jicho la pembeni. Mama Mapacha akajitia chuma. Hakwenda kunywa maji tangu alipoingia, ili asionekane amechoka.

"Nilikuwa nashindana na msimamizi badala ya kushindana na joto," anakiri. "Huo ndio ujinga wangu."

Aliyeona kwanza ni rafiki yake wanayemwita Sindano, mshonaji wa mashuka yaliyochanika. Kutoka kwenye cherehani yake pembeni aliona shuka limeingia mshazari kwenye rola. "Nikasema moyoni, huyu halishi shuka mshazari, hata akiwa na usingizi," anaeleza Sindano. Alimshika kiuno, akamkokota hadi bombani nje, akammiminia maji kisogoni huku akimtukana kwa mapenzi. Kichwa kilichokuwa kikizunguka kikatulia. Lakini habari ilikuwa imeshafika ofisini.

Uamuzi ulitoka papo hapo: ruhusa aliyokuwa amepewa ya kukosa kazi Jumapili imefutwa. Hoteli hazifungi Jumapili, na dobi pia haifungi. Mama Mapacha atakuwa zamu, kwenye chumba cha kukunjia.

Aliingia ofisini nguo bado zinachuruzika.

"Sikuja kuomba," alianza. "Nimekuja kukubali kosa moja, halafu tuzungumze."

"Lipi?"

"Maji sikunywa. Hilo ni langu. Lakini joto silo lililokosea."

"Na ukinidondokea humu ndani, wakubwa nitawaambia nini?" Msimamizi alisimama. "Unajua mwaka jana kwenye ile picha ulikuwa umevaa fulana yetu ya kazi? Nembo ya dobi imeonekana vizuri kuliko sura yako! Waliniita juu. Wakaniuliza, mnawafanya nini watu huko chini, mpaka wanatoka kwa machela?"

Mama Mapacha alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. Hakuwa akijua. Akavuta kiti, akakaa bila kukaribishwa.

"Bosi, nisikilize. Ukinihamisha kwenye baridi, Jumapili nitaanguka kweli, pale pale. Na Jumapili nitakwenda. Ukiniruhusu nitakwenda, usiponiruhusu nitakwenda. Bora uniruhusu, ili Jumatatu uwe na mtu wa kupiga pasi."

Mashine za kufulia zilisikika zikizungusha maji upande wa pili wa ukuta. Mwishowe msimamizi akatoa masharti yake. Atabaki kwenye joto mpaka wakati wa chai tu. Jagi la maji liwe kando yake, na linywewe. Sindano akisema toka, anatoka bila neno. Baada ya chai anakaa kwenye kiti katika chumba cha kukunjia, apende asipende.

Masharti yote aliyakubali.

"Na la mwisho. Jumapili usivae fulana yetu."

"Nitaivaa."

"Nimesema..."

"Nitaivaa, bosi. Iliondoka pale imelala. Lazima ipite pale imesimama."

Msimamizi alimwangalia, akaitazama dari, akasaini ruhusa. Alipoulizwa baadaye kwa nini alilegea, alijibu kwa lugha ya kazi yao. "Kubishana na huyu mama ni kukunja shuka kubwa peke yako. Unashika ncha hii, ile nyingine imeshaanguka." Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, "Akimaliza, picha hiyo nitaipeleka juu mwenyewe."

Ijumaa mambo yalikwenda kwa utaratibu. Jagi lilijazwa, likamalizwa, likajazwa tena. Kabla ya chai Sindano aliinua kidole kutoka kwenye cherehani yake, akasema, "Toka." Mama Mapacha akatoka. Wenzake walipiga makofi. Wengi wao walikuwa hawajawahi kumwona akitii amri mara ya kwanza.

Leo ni Jumamosi mchana, na baiskeli nyekundu imerudi. Shemeji ameileta akiisukuma kwa mkono, mnyororo umepakwa mafuta, magurudumu yanang'aa. "Usiipande hadi kesho," anaonya, na kuondoka na ufunguo wa kufuli mfukoni. Mabinti wanapanga begi sakafuni: miwani ya kuogelea, viatu, kofia nyeupe, fulana ya dobi iliyopigwa pasi mpaka ina makali.

Mipango yake ni mifupi. Ataanza polepole. Kwenye kila meza ya maji atatembea, anywe, ajimwagie, ndipo akimbie tena. "Watakaonipita wanipite, barabara ni pana," anasema. "Mwaka jana niliwapita wengi sana. Halafu wote wakaniruka."

Baada ya hapo ana jambo lingine moyoni. Anataka kuwapeleka wanawake wa ukumbi wa pasi kwenye bwawa la kuogelea la manispaa, ambako yeye mwenyewe alijifunza akiwa na miaka arobaini, amegandia ukingoni kama mjusi. "Sisi ni watu wa joto. Tuna haki na maji," anasema. Sindano ameshanunua kofia ya kuogelea, ingawa anashikilia kwamba ni ya mvua.

Mama mkwe anaingia, anaiangalia fulana, anaketi ukingoni mwa kitanda. Leo hana sufuria wala utani.

"Mwanangu, na ukianguka tena?"

"Nikianguka, mama, mwakani nitajiandikisha tena."

"Na ukimaliza?"

"Nikimaliza, mwakani nitajiandikisha tena. Sasa niache nilale."

Anajilaza pale pale, mlango wazi, jua limejaa uani, kila mpita njia anaweza kumwona. Punde anaanza kukoroma kidogo. Nje ya ua vijana wawili wanacheka kwa sauti, na jirani ameshasimama dirishani mwake tayari kusema lake.

Bibi anainuka, anakwenda hadi mlangoni, anashika kiuno.

"Nyamazeni hapo nje," anawaambia. "Humu ndani kuna mtu yuko kazini."