Yule Muluteri wa Kwetu Bulengera

Enzi zetu, sisi tuliokulia Bulengera, mtaa wa Butembo, kabla kila mtu hajawa na telefone mfukoni, kitu kipya kikifika mtaani tulikitazama mpaka kichakae. Gari la rangi tusiyoizoea, mwalimu mwenye jino la dhahabu, hata mbuzi aliyenunuliwa mbali: tulikaa juu ya ukuta, tukatazama, tukabishana. Wenzangu wa rika langu mnakumbuka. Asubuhi zile za baridi, ukungu umelala juu ya mikaratusi, tunashuka kwenda masomo na kiazi cha moto katika kila mfuko. Kiazi kilipasha mikono joto kwanza, tumbo lilingoja mpaka saa ya mapumziko. Tukirudi ilikuwa kuruka kamba, mpira wa makaratasi, na kuteremka kilima juu ya chukudu, kile kigari chetu cha mbao, mpaka mwenyewe atufukuze kwa matusi ya Kinande ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Basi fikirieni jinsi tulivyotazama siku Pasta Elia alipohamia nyumba iliyopakana na yetu.

Alishuka kwenye kamyo pamoja na mke wake, Mama Neema, wakiwa na magodoro mawili, baiskeli moja, na sanduku jeusi la bati lenye kufuli. Walitoka Kalemie, kwenye joto la ziwa, na baridi yetu iliwatesa waziwazi. Yeye alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye sauti nzito kama ngoma ya parokia. Jumapili ya kwanza alitoka amevaa kola nyeupe shingoni, kanzu nyeupe ameikunja mkononi, na mkono wa pili umemshika mke wake.

Mimi na kaka yangu Mumbere tulikimbia mpaka jikoni kwa Mukaka, mama mzazi wa baba yetu, aliyetoka Masereka na aliyekuwa hakosi misa hata mvua ya mawe inyeshe.

"Mukaka! Padiri mupya iko na bibi!"

"Muache kuniletea bongo, hiyo uongo yenu," alisema, bila kuacha kumenya viazi. "Padiri hana bibi. Kama iko na bibi, hapana padiri."

"Na kanzu je?"

Hapo aliinua kichwa. Kanzu ilimsumbua. Wakatoliki tuliwajua, maana ndio tulikuwa sisi. Wabatisti tuliwajua, walikuwa hapo chini penye mto. Lakini mtu wa kanzu, mishumaa na mke, huyo hakuwa na mahali pake katika kichwa cha Mukaka.

Mumbere, ambaye hakujua aibu, alienda kumuuliza mwenyewe.

"Miye ni pasta," alijibu kwa upole. "Pasta Muluteri."

"Muluteri ni kabila ya Kalemie?"

Alicheka mpaka akashika mlango. "Hapana, mutoto yangu. Ni mukristo tu, sawa weye."

Mukaka aliposikia hayo, alitukataza kuvuka ua ule. "Ni padiri wa kupotea," alisema, na kuanzia siku hiyo, pasta akimsalimu, yeye aliangalia kuku.

Kwetu sisi katazo lile lilikuwa kama chumvi kwenye kiazi. Tulichungulia kila siku. Waumini wake walikuwa watano chini ya bashi, turubai la plastiki, kisha saba, kisha wakarudi watano. Aliimba nao nyimbo kwa sauti nne, na kwa kuwa watu hawakutosha, mtu mmoja alilazimika kubeba sauti mbili. Kinande alijifunza kwetu, ukutani, na alikichanganya vibaya. Sokoni aliwasalimu wamama kwa kusema wasingya, yaani asante, kabla hajapewa chochote. Wale wamama waliona haya, wakamwongezea liki na karoti.

Lakini kilichotunyima raha ni lile sanduku. Ijumaa moja ndiyo, moja hapana, alilifunga kwenye baiskeli, akaenda vijijini, safari nyingine Masereka, nyingine upande wa Beni, karibu na msitu, akarudi Jumatatu na matope mpaka kiunoni. Ndani mna nini? Mumbere aliapa ni mifupa ya mtakatifu. Mimi nilisema ni redio ya kuzungumza na Kalemie. Tulibishana miezi.

Siku moja alituona ukutani, akaliweka sanduku chini, akalifungua. Upande mmoja mlikuwa na kanzu, Biblia, kikombe na chupa ndogo ya divai. Upande mwingine mlikuwa na nyundo, sindano nene, kole ya kubandika, na vipande vya mipira ya ndani ya magurudumu. Baba yake alikuwa fundi viatu. Kule vijijini, ambako wakulima wanashinda shambani ndani ya bote, zile buti za plastiki, zilizopasuka, yeye alikaa penye njia akaziba bote. Hakulipisha. Watu walikuja na bote, wakaketi kungoja kole ikauke, na katika kungoja wakaanza kuuliza.

"Naanza kuhubiri wakiniuliza," alituambia. "Mbele ya hapo, naziba tu."

Kisha ikaja Jumatatu ambayo hakurudi. Wala Jumanne. Jumatano mwenye pikipiki mmoja alileta habari kwamba watu wa msituni wenye bunduki waliingia kijiji kile cha upande wa Beni, wakachukua watu, na pasta alikuwa kati yao. Mama Neema aliketi mlangoni akiwa na kitenge mabegani, hakulia, aliangalia barabara tu. Wale waumini watano waliimba wimbo mmoja, wakashindwa kuumaliza.

Siku ya nne Mukaka alivaa kitenge chake cha sikukuu, akamshika kuku wake mwekundu, yule mtaga mayai, akanichukua mimi kama fimbo ya kuegemea, tukapanda mpaka parokia.

"Nataka misa," alimwambia padiri.

"Ya nani, mama?"

"Ya ule Muluteri."

Padiri alikuna shingo. "Mama, ule si wa kwetu. Halafu, ni misa ya marehemu ao ya muzima?"

"Weka yote mbili. Mungu atachagua."

Kuku alibaki parokia, misa ikasomwa. Kwa mara ya kwanza nilimwona Mama Neema ndani ya kanisa letu, amekaa pembeni mwa Mukaka, hajui lini asimame lini apige magoti, na Mukaka akimvuta mkono taratibu kila ilipofika.

Siku ya tisa, mchana, akiwa peku, miguu imepasuka na kuvimba, Pasta Elia aliingia mtaani akitembea. Watoto tulipiga kelele mpaka wanawake wakaacha vyungu vyao motoni. Mukaka alitoka, akasimama mbele yake, akamwangalia kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Na kuku yangu je?" alisema.

Ndipo Mukaka akaanza kulia, na ndipo sisi sote tukalia.

Aliyotueleza yalikuwa machache. Wale watu walifungua sanduku wakitafuta dhahabu, wakakuta nyundo na kole. Mkubwa wao alivua bote yake iliyopasuka, akaitupa mbele ya pasta. Aliziba hiyo. Kesho yake wakaleta nyingine. Aliziba mpaka kole ikaisha, na kole ilipoisha wakamwachilia, ila baiskeli na viatu vyake wakabaki navyo, sanduku wakamrudishia, na watu wawili wa kijiji waliochukuliwa naye wakaruhusiwa kwenda naye kwa sababu alikataa kuondoka bila wao. Mumbere alimuuliza kama aliwahubiria.

"Hakuna mwenye aliniuliza," alisema.

Mukaka ndiye aliyechemsha maji ya miguu ile. Baada ya hapo hakuangalia kuku tena akisalimiwa.

Wiki tatu zilipita, ikafika Ijumaa, tukamwona anafunga sanduku kwenye baiskeli ya kuazima. Mtaa wote ulitoka kumzuia. Mama Neema alikuwa amekwisha kusema yake yote ndani ya nyumba. Alisimama tu, macho mekundu.

"Juu ya nini unarudia kule?" Mukaka aliuliza.

"Kuko batu batatu ya kubatiza, mama. Niliwaahidi. Bananingoya."

"Na bale ba bunduki je?"

"Naogopa," alisema. "Naogopa sana. Lakini bale batatu banaogopa kila siku."

Mukaka aliingia nyumbani. Alitoka na bote za marehemu babu, zile alizokataa kumpa hata baba yangu, akaziweka mbele ya miguu ya pasta. Zilimbana, ila alizivaa. Tulimsindikiza mpaka mwisho wa mtaa, tukasimama mpaka baiskeli ikapotea kwenye kona.

Jumatatu alirudi. Amewabatiza watano, si watatu.

Alikaa nasi miaka kumi na miwili. Bashi ikawa kanisa la mbao, na sauti nne zikapata watu wake. Mukaka alikufa Mkatoliki kamili, rozari mkononi, na siku ya mazishi yake, pasta alisimama nyuma kabisa mpaka padiri akamwita mbele asome zaburi, akaisoma kwa Kinande bila kosa hata moja. Miguu ilipomshinda, alirudi Kalemie na Mama Neema. Mwaka juzi mtu wa kule alinipigia telefone kunieleza kwamba pasta amelala katika Bwana. Nilizima simu nikakaa chini hapohapo sokoni ninapofanyia biashara, kati ya magunia ya wateja.

Siku hizi Butembo ina mapasta wengi kuliko vinyozi. Vipaza sauti vinashindana kilima kwa kilima, na watoto wanapita chini yake, masikio yamezibwa na miziki yao. Sisi mtu mmoja alitushughulisha miaka mizima: kola yake, mke wake, sanduku lake. Juzi kijana wangu, ana miaka kumi na tano, alinisikia nikitaja neno Muluteri. Akachukua telefone, akaandika kwa kidole gumba, akanisomea mistari mitatu ya Kifaransa.

"Donc ni hivyo tu, mama. Nimeshajua."

Nilikuwa nimekwisha kuvuta kiti karibu naye. Nilikuwa na mengi, nilijua hata pa kuanzia. Nilingoja aniulize. Lakini alikuwa amesharudi kwenye mchezo wake, na mimi nikachukua ufagio, nikaendelea kufagia.